Miti Imelala Ubavu

Ilikuwa Ijumaa ya kawaida kabisa, mwezi wa kumi, mwaka elfu mbili na kumi, msimu wa korosho umepamba moto na Masasi nzima inanuka mabibo. Katika duka la intaneti la Cecil, nyuma ya stendi, feni lilikuwa linazunguka kama limelazimishwa. Huruma, dada yake mdogo Cecil, alikuwa anafuta kibodi kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kila alipofungua duka alizifuta, kitufe kwa kitufe. Likumbukeni hilo. Mimi nilikuwa fundi redio hapohapo, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo ninachosimulia sikukiokota barabarani.

Cecil alikuwa mtu wa maneno. Ukutani aliandika kwa rangi nyekundu: TUNATUMA PICHA POPOTE DUNIANI. Ukimuuliza popote wapi, anakujibu hata kwa Mungu, mradi awe na anwani. Lakini kazi yenyewe aliijua Huruma. Ndiye aliyeingiza kadi ya kamera, akaiacha programu izipange picha kwa tarehe, akachagua zilizotoka vizuri, akaongeza mwanga, akakata pembezoni, kisha akazipunguza ukubwa, maana modemu yao ilikuwa ikipewa picha nzito inakwama kama lori kwenye mchanga. Cecil alijua kuzipunguza na kubonyeza kitufe chenye bahasha tu. Na kamera ikishikwa wima, picha hulala ubavu, lazima uisimamishe kabla ya kuituma. Hilo Cecil hakulishika hata siku moja.

"Kaka, umemlaza tena bibi harusi wa watu," Huruma alimwambia asubuhi ile.

"Mwache alale. Si kachoka na sherehe?"

"Na padri je?"

"Padri anamsindikiza."

Wakacheka. Ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia kupitia ukuta ule.

Sasa nyinyi wageni lazima niwaeleze jambo. Huku kwetu mvulana akiingia jandoni huliacha porini jina lake la utotoni. Linaungua pamoja na kibanda, naye anatoka na jina jipya. Cecil ndilo alilotoka nalo. Mwanaume mwenzako akikutania kwa lile la zamani, mnapigana, yanakwisha. Walter wa mashine ya kusaga ana pengo la meno mawili kwa sababu hiyo. Lakini mwanamke akikuita nalo, nawe ukaitika, wazee wanasema umeitikia kulekule ulikoliacha. Ndiyo maana dada zetu hawaambiwi. Huruma alizaliwa Cecil keshatoka jandoni miaka mitatu. Hakulijua, wala hakuwa na pa kulijulia.

Saa tano akaingia mjomba wao, Mzee Christopher wa Mnyambe, kule juu Newala.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wapwa zangu. Hamjambo?"

Mzee huyu, tangu biashara ya korosho ilipoachiwa huru na wengine wakakimbilia kununua baiskeli, yeye aliongeza mikorosho. Ekari juu ya ekari. Chini ya miti yake panafagiliwa mpaka nzi anateleza, na hakuna aliyewahi kumwona akiajiri kibarua. Watu walisema walichosema. Walisema ana ndondocha: watu waliochukuliwa kichawi, ambao ndugu zao wanadhani wamewazika, kumbe walichozika ni mgomba. Ndondocha hana ulimi. Analima, anapalilia, anakula pumba. Halalamiki.

Mzee akafungua leso iliyonuka salfa, dawa ya mikorosho, akatoa kadi ya kamera.

"Kuna mwekezaji wa Ulaya anataka kuliona shamba. Zimfikie leo kabla ya saa sita. Ni shamba tu humo. Watu hamna."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za watu.

Akatoka, akakaa kwenye benchi langu pale nje, akaanza kula muhogo wa kuchoma. Hakunisalimia.

Huruma akaingiza kadi. Picha sitini. Mikorosho, vivuli, ardhi nyekundu iliyofagiliwa. Zote zimepigwa jua la saa sita, hakuna hata mbwa. Akaanza kuzisimamisha moja moja. Sasa programu ile ilikuwa na ujuzi wake mmoja: inatafuta nyuso ndani ya picha, inazizungushia mraba, halafu inakuuliza, huyu ni nani, ili ukishamwandika jina ikutafutie picha zake nyingine. Kwa harusi ilifaa sana. Kwa shamba tupu haikuwa na kazi.

Pembeni ya kioo ikaandika: nyuso thelathini na moja.

"Njoo uone mashine ilivyolewa uraka," Huruma akaita. "Inaona watu kwenye magome ya miti."

Cecil akaja na kiti chake. Miraba midogo ilikuwa imejipanga. Gome. Kivuli. Fundo la mti. Kivuli. Huruma akaongeza mwanga kidogo.

Vivuli vikawa na macho.

"Ongeza," Cecil akanong'ona.

Akaongeza. Mraba wa tisa ulikuwa uso wa kijana, mdomo umefumbwa kama kovu, kidevuni ana vumbi jeupe. Cecil alimjua. Huruma naye alimjua. Trevor wa Lukuledi, fundi baiskeli. Walimzika mwaka uliopita. Cecil alibeba jeneza.

"Funga," Cecil akasema.

"Kaka..."

"Funga nimekwambia."

"Bado tu, wapwa zangu?" sauti ya mjomba ikauliza kutoka nje, taratibu.

"Dakika chache, mjomba!"

Programu ina alama ya kufuta uso usioutaka. Huruma akaanza kuibonyeza. Mmoja. Mwingine. Cecil alikuwa amesimama, ameipa kompyuta mgongo, anatazama ukuta wenye maandishi yake. Nyuso thelathini zikaondoka. Ukabaki mraba mmoja.

Ndani yake hapakuwa na mtu. Ulikuwa umezungushiwa mahali patupu chini ya mkorosho. Pamefagiliwa. Pana kigoda. Na chini ya mraba palikuwa tayari pameandikwa jina.

Huruma hakuwa ameandika kitu. Jina lenyewe hakuwahi kulisikia kwa mteja yeyote. Mimi nalijua, kwa sababu mimi na Cecil tulilala kibanda kimoja cha jando, lakini silitaji hapa wala popote.

Yeye alilitaja. Alilisoma kwa sauti, kama mtu anayesoma bango.

"Nani huyu?" akauliza.

"Naam," Cecil akaitika.

Nje, Mzee Christopher akaacha kutafuna. Nilimwona kwa macho yangu. Akajipangusa mikono, akasema peke yake, "Vema." Kisha akaingia.

"Tumeni."

Zikatumwa. Mzee akamwekea Cecil kiganja kichwani, kama anayempima homa. "Mashamba ya siku hizi si jembe tu, mpwa wangu," akasema. "Yanataka na mtu wa kompyuta."

Kuanzia hapo Cecil hakusema neno.

Jumapili Huruma akaenda Lukuledi kwa Mama Trevor, mama mzima aliyelea watoto sita kwa jembe la mkono. Akamsimulia yote. Yule mama hakushtuka. Aliendelea kupepeta.

"Jeneza la mwanangu lilikuwa jepesi," akanong'ona. "Wabebaji walitazamana. Mimi nikatazama chini."

"Nifanye nini, mama?"

"Mwite Cecil. Jina lake la ukubwani. Akiitika, hata mara moja tu, kabla Ijumaa haijarudi saa ileile, ni wako."

"Wewe ulimwita?"

Ungo ukasimama.

"Niliambiwa siku ya nane."

Jumatatu Huruma akamwita kaka yake tangu chai mpaka jioni. Cecil. Cecil. Anageuka. Anamtazama. Mdomo haufunguki. Jumanne vilevile, sauti ikamkauka. Jumatano akampoteza, akamtafuta stendi, sokoni, kanisani. Alimkuta nyuma ya mashine ya Walter, amechuchumaa kwenye lundo la pumba. Viganja vimejaa. Kidevu cheupe. Alhamisi akaifuta picha ile kwenye kompyuta. Akafunga, akafungua. Ipo. Akalifuta jina. Lipo.

Ijumaa, saa sita kasoro dakika tano, alifanya alichobakiwa nacho. Chini ya mraba mtupu akalifuta tena lile jina, na papo hapo akaandika juu yake: Cecil. Likakaa. Akasubiri. Likakaa! Akatoka mbio. Kaka yake alikuwa kwenye benchi langu, mahali palepale alipokuwa amekaa mjomba.

"Cecil!"

Cecil akageuka. Nami nilikuwa hatua mbili tu, na kuapa naapa. Midomo ilifunguka. Ilijitahidi. Shingo ikatoka mishipa. Ilikuwa inatafuta neno moja, neno dogo ambalo hata mtoto analo.

Sauti haikutoka.

Adhana ya Ijumaa ikaanza. Cecil akaegemea ukuta, pale penye maandishi mekundu, akawa amekwisha.

Mzee Christopher ndiye aliyetangulia kutupa udongo kaburini. Mimi nilibeba jeneza pembe ya mbele, na mimi nimebeba magunia ya korosho tangu ndevu hazijaota, uzito naujua. Tulitazamana, sisi wabebaji.

Huruma akalifunga duka. Ufunguo akauvaa shingoni. Wiki ya nne akaja kulifungua ili auze vyombo, akawasha kompyuta, akakuta barua ya mwekezaji. Mtu wa watu anashukuru. Anasema picha za kila Ijumaa zinamfikia bila tatizo, nyepesi, safi, shamba linapendeza. Ana swali moja tu. Kwa nini miti imelala?

Akafungua kwenye barua zilizotumwa. Ijumaa tatu. Kila moja saa sita kamili, kutoka anwani ya duka, duka likiwa limefungwa. Picha kumi na mbili kwa kila barua, zimepunguzwa ukubwa kama yeye alivyokuwa akizipunguza.

Na mikorosho yote, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, ilikuwa imelala ubavu.

Ilikuwa Ijumaa. Huruma akafuta kibodi, kitufe kwa kitufe. Kisha akafungua barua tupu kwenye kioo, akaandika mstari mmoja: "Kaka, wewe unaitwa nani?" Akaiacha hivyo, akafunga mlango kwa ufunguo, akaja kukaa kwangu. Adhana ikapita. Hakuna aliyekaribia mlango ule. Nilikuwa nautazama mimi.

Tukafungua pamoja.

Kwenye kioo hapakuwa pameongezeka herufi hata moja. Swali lilikuwa peke yake. Lakini juu ya kibodi, palipokuwa safi nusu saa iliyopita, vitufe vinne vilikuwa na alama za vidole, za unga wa pumba.

E. I. L.

Na C. Hiyo ilikuwa imekolea, kama mtu aliyeigusa mara mbili.

Huruma yupo Mtwara siku hizi, hataki kuona kompyuta. Kibodi ninayo mimi, nimeifunga kwenye nailoni, juu ya kabati la redio. Sijaifuta. Ukipita Masasi, njoo nikuonyeshe. Ila mchana wa Ijumaa usije. Siku hiyo huwa naitoa nje ya duka nisiisikie, kwa sababu inabonyezwa.