Koja Lililonuswa

Jua lilikuwa linazama nilipofika hekaluni na koja la asumini la mungu wetu wa kike, Kanniamman. Nilikuwa na haraka. Binti yangu Poongodi alikuwa aolewe Ijumaa, na mchele wa wageni sijauchagua bado.

Kuhani Sambandam alilivisha jiwe la mungu huyo koja. Likaanguka. Akalivisha tena.

Likaanguka... na upepo hakuna.

"Valliammai," alininong'oneza, "hili limenuswa. Nani kalinusa?"

Ua la Kanniamman halinusi mtu kabla yake. Wazee husimulia kwamba hekalu hili lilikuwa likibomoka kila likijengwa, mpaka fundi akamjengea bintiye ukutani, mzima mzima, naye ni mwali anayengoja harusi. Ndiye huyo tunayemwabudu. Na mwali yeyote anayemtangulia kunusa, humfuata humo ukutani.

Nikamkumbuka Poongodi barazani, akilitunga koja lile, kichwa kainamisha, anacheka peke yake. Moyo ulinipasuka.

"Ni mimi," nikasema.

"Dada, huyu hadanganywi."

"Nimesema ni mimi. Akitaka mtu anichukue mimi, mtoto amwache."

Taa ikazimika.

Ikaja harufu ya chokaa mbichi. Nyuma ya jiwe, ndani ya ukuta, kitu kikakwaruza... kikatulia... kikakwaruza tena. Kisha nikasikia msichana analia, kilio cha kujizuia.

"Baba yangu hakusema hivyo."

Kuhani alitimua mbio na uzee wake wote. Mimi nilitoka nikitambaa. Njia nzima vikuku vya miguu vililia nyuma yangu. Nikisimama, navyo kimya.

Poongodi alikuwa mlangoni. Nilimkumbatia kwa nguvu, machozi yananitoka.

"Amma, mama yangu, utanivunja mbavu. Na huyo mgeni wako mbona unamwacha nje?"

Sikugeuka.

Asubuhi ukuta wa hekalu ulikutwa na ufa, mtu mwembamba anapita kwa ubavu. Kuhani anasema ni mvua. Mvua gani, sijui, maana visima vyenyewe vimekauka.

Poongodi aliolewa, akaenda kwa mumewe salama, na kwa hilo nashukuru. Majirani hupita jioni kunipa pole ya upweke. Nawaitikia vizuri, nawasindikiza hadi njiani, narudi ndani nafunga mlango.

Ndipo sauti hunijia kutoka jikoni, taratibu.

"Amma... wameondoka?"