Gitaa Lililokuwa Limeshiba

Mkono wangu ulikuwa ndani ya tumbo la kuku, navuta utumbo polepole nyongo isipasuke, pale Kitinda, mwanangu wa mwisho, alipoingia jikoni anahema.

"Mama! Dada kapata gitaa! La Japani!"

"Na mimi nimepata nyongo. Toka kwenye mwanga."

Jua lilikuwa linazama, na jikoni kwetu kuna dirisha moja tu. Mtoto akisimama pale, unapika kwa kupapasa. Lakini habari yenyewe haikuwa ya mchezo. Dada, kifungua mimba wangu, alikuwa anapiga gitaa la kuazima kwenye bendi ya maharusi, na kiongozi wa bendi alishamwambia: siku utakayokuja na lako, nafasi ni yako moja kwa moja. Nikanawa, nikaenda sebuleni.

Alikuwa amelilaza kwenye kochi kama mgonjwa. Gitaa la umeme, rangi ya maziwa yaliyolala, na bamba la plastiki jekundu kifuani.

"Umelitoa wapi?"

"Duka la mitumba nyuma ya stesheni. Lilikuwa limesukumwa nyuma ya makabati. Mwenye duka hata kulishika hakutaka, kaniambia niingie nilitoe mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Eti vumbi linamletea mafua."

Haikuwa vumbi. Mimi ni dobi wa hospitali. Kitu gani kinachotoka mwilini mwa mtu sijakikuta kwenye shuka? Harufu ile niliijua. Ni ya bandeji iliyosahauliwa juu ya kidonda, siku inapobanduliwa.

"Linanuka," nikasema.

"Ni la zamani, Mama. Yaani... si la zamani lenyewe. Wajapani walichukua gitaa la zamani sana, wakalitengeneza upya vilevile, hadi skrubu."

"Kwa hiyo ni feki."

"Si feki! Ni toleo la marudio. Watu wanayatafuta dunia nzima."

"Mtumba wa nakala," akasema baba yao kutoka mlangoni. Yeye ni mwokaji mikate, alikuwa ndiyo kwanza anarudi, unga hadi kwenye nyusi. "Tumepanda cheo."

Tukacheka. Dada hakucheka. Alikuwa ameinamia simu yake, anasoma namba iliyochongwa kwenye kibati nyuma ya gitaa na kuilinganisha na picha. Namba ilikuwa nusu imefutika. Mtaalamu mmoja wa mtandaoni, wa nchi za mbali, akamjibu: namba pekee haitoshi. Fungua shingo ya gitaa, muhuri wa kiwanda uko ndani, pale shingo inapoungana na mwili.

Baba yao akaleta bisibisi.

Skrubu zilitoka kwa shida, zimejaa mafuta mazito, ya njano. Shingo ikachomoka. Muhuri ulikuwepo kweli, herufi ndogo za buluu, na Dada akaruka kama katangazwa mshindi.

"Ndilo lenyewe! Baba, ndilo! Hebu tufungue na bamba, tuone kama nyaya zake ni zilezile."

Bamba halikutaka kutoka. Baba yao akaingiza ncha ya bisibisi pembeni, akalisukuma. Likabanduka polepole... kwa sauti ya plasta inayotolewa kwenye ngozi yenye nywele.

Ndani kulikuwa kumejaa.

Vitu vidogo vyembamba, vya njano, vimeshindiliwa kwenye kila tundu la ubao. Kama magamba ya samaki. Kitinda akanyoosha mkono.

"Ni krispi?"

Nilimpiga kofi la mkono kabla hajagusa. Nikachukua kimoja kwa kibano cha nyusi, nikakiinua kwenye taa.

Kilikuwa na mistari ya kidole.

Ilikuwa ngozi. Ngozi ngumu ya ncha za vidole, sugu ambayo wapiga gitaa huota kwa kubana nyuzi. Mamia. Nyingine kubwa, nyingine ndogo, nyingine nyeusi kwa uzee. Si za mtu mmoja. Baba yao akatoka nje, nikamsikia anatema mate uani.

"Leta siki," nikamwambia Dada. "Na brashi ya choo. Ile ya zamani."

Uchafu kwangu ni uchafu. Nilikwangua zote, nikazitia kwenye mfuko, nikaupeleka jalalani palepale kabla gari la taka halijapita. Nikasugua matundu kwa siki hadi ubao ukawa mweupe. Gitaa likarudishiwa shingo na bamba, likanukia kachumbari. Usiku ule lilikuwa kitu safi kuliko vyote nyumbani kwetu.

Na lilivyolia! Mwishoni mwa juma Dada akaenda nalo kwenye harusi, akarudi na nafasi yake. Nikasema, haya, Mungu si Athumani.

Kisha jioni zikaanza kuwa na sauti.

Ilikuwa saa ya kuanua nguo. Nilikuwa nimebeba mzigo kifuani, napita kwenye ujia, nikaisikia kutoka chumbani kwa wasichana. Si muziki.

Kr... kr... kr...

Kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria kwa ukucha.

Taa ilikuwa imezimwa. Harufu imerudi.

"Dada?"

"Shh, Mama." Alinong'ona. "Linakula."

Nikawasha taa.

Alikuwa ameketi kitandani, gitaa pajani, vidole vya kushoto vinakwenda juu na chini ya nyuzi, polepole. Ncha zake hazikuwa na ngozi. Nyekundu, zinang'aa, kama nyanya iliyomenywa. Vipande vya ngozi vilikuwa vimening'inia kwenye nyuzi. Nami nikasimama pale na nguo zangu kifuani, nikaviona...

Vikisogea.

Kimoja nyuma ya kingine, kama siafu waliobeba punje, vikashuka na nyuzi hadi kwenye bamba jekundu. Ukingo wa bamba ukainuka kidogo, laini, kama mdomo. Vikaingia. Ukajifunga.

Niliangusha nguo. Nikalikamata gitaa shingoni kulipokonya. Shingo ile ilikuwa na joto. Ilikuwa na jasho. Na ndani ya kiganja changu, chini ya ubao, nilihisi kitu kikipanda na kushuka.

Lilikuwa linameza.

Sitaki kueleza zaidi. Mpaka leo nikishika mpini wa ufagio uliolowa, mate yananijaa. Nililirusha nje, likagonga ukuta wa uani, nikafunga mlango kwa komeo.

"Linauma?" nikamuuliza Dada, nikimfunga vidole.

"Hapana." Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyenyonya. "Halikuwahi kuuma, Mama. Linataka kidogo tu."

Asubuhi bandeji ilikuwa kavu. Nilipoifungua, ngozi ilikuwa imeondoka hadi pingili ya pili. Hakuna damu, hakuna usaha. Safi, kama kazi ya kisu. Na gitaa lilikuwa bado nje, mlango bado una komeo. Muuguzi ninayemfulia mashuka akatazama, akasema mzio, akampa krimu. Jioni ilikuwa imefika kwenye pingili ya tatu.

Sikuhitaji mtu wa kunieleza hesabu hiyo. Ngozi ya vidole ikiisha, kuna kiganja. Kiganja kikiisha, kuna mtu mzima.

Nikalifunga gitaa kwenye shuka, nikampelekea fundi wa spika na magitaa, yule ambaye bendi zote humpelekea vyombo. Nilimkuta anateremsha shata la duka lake. Nilipofunua shuka, alirudi nyuma hadi akagonga kabati.

"Liweke chini, mama. Hapo hapo. Usilisogeze." Akainama, akalitazama kwa mbali, mikono nyuma. "Nani kalifungua?"

"Sisi. Tulitaka kusoma muhuri."

"Na vilivyokuwemo?"

"Nimevitupa."

"Umevitupa?"

"Sasa ulitaka nivikaange?"

Hakucheka. Akaketi kwenye spika iliyopasuka, akajifuta uso kwa kitambaa cha grisi, akabaki na alama nyeusi shavuni.

"Nililiona mara moja tu, nikiwa kijana," akasema kwa sauti ya chini. "Lilikuwa la mpigaji mmoja wa hotelini. Alikuwa havui glavu ya kushoto, hata akila. Watu walisema alilipata kwa mwenzake, na huyo mwenzake kwa mwingine. Nani alianza kulilisha, sijui. Kiwandani lilitoka safi kama magitaa mengine. Kilichomo kilitiwa na mtu, kwa tamaa ya kupiga vizuri kuliko wenzake." Akalinyooshea gitaa kidole. "Lakini lilishafika mahali likajaa. Lilikuwa limeshiba, mama. Wewe umelitapisha."

Nilihisi ubaridi wa ile siki kwenye vidole.

"Nitalichoma."

"Mwenye glavu alilitupa mtoni. Mkono ukaendelea kuisha bila gitaa, hadi akalifuata na kulitafuta kwenye matope." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Linachukua kwa aliyelipiga. Haliachi hadi lijae tena."

"Lijae nini?"

"Ngozi iliyokufa. Sugu. Sijui kama linachagua."

Sikuaga. Nilibeba mzigo wangu, nikatembea haraka kurudi nyumbani, giza likinifuata nyuma kama mbwa. Njia nzima lilikuwa linapumua kwenye shuka, kwapani kwangu.

Sugu. Mikono yangu haina sugu, maji na sabuni vimeilainisha kama ya mtoto mchanga. Lakini mtu anayesimama kutwa kwenye sakafu yenye maji, miaka nenda miaka rudi, ana magaga. Baba yao hunitania kwamba nikigeuka kitandani namchana shuka. Visigino vyangu vina nyufa unazoweza kuficha sarafu.

Nikajifungia bafuni. Nikafungua bamba. Safari hii lilifunguka lenyewe.

Ndani palikuwa peusi, na unyevu, na pamekaa ngozi ya mwanangu kiasi cha kujaza kijiko. Nikageuza uso. Nikaloweka miguu kwenye beseni, nikachukua wembe na jiwe la kusugulia. Nikaanza.

Ngozi ilitoka kwa vipande vinene, vya kijivu, vyenye uchafu wa sakafu za watu. Niliidondosha mle ndani. Mwanzoni kimya. Kisha... nyap. Nyap. Kama mbwa anayelamba sahani. Nilitapika pembeni ya beseni, nikajifuta, nikaendelea. Kisigino cha kulia. Kisigino cha kushoto. Unyayo. Nilikwangua hadi nikaona damu, nikashindilia kwa kidole gumba matundu yote, hadi bamba likakataa kufunga na nikalikalia.

Likafunga.

Lilitoa sauti moja ndefu, bila mtu kugusa nyuzi. Kama mzee anayecheua baada ya chakula. Halafu ile harufu ikaisha.

Nililisukuma juu ya dari, nyuma ya tangi la maji. Sikulitupa. Nani alikute?

Ngozi ya Dada imeanza kurudi, laini, ya waridi, haina mistari bado. Kiongozi wa bendi amempa nafasi ya kuimba hadi mkono upone. Yeye haulizi gitaa liko wapi. Kiitwacho gitaa hakitajwi nyumbani.

Leo nimepika wali na maharage. Nimepakua mapema, kabla giza halijakamilika, kwa sababu siku hizi napenda kuwaona wote mezani taa ikiwa imewaka. Baba yao yupo, unga masikioni. Kitinda yupo, anagombania ukoko.

"Huyo Dada kapewa mwingi, kwa sababu ana kidonda!"

"Na wewe una mdomo," Dada akamjibu, akampunguzia kwa mkono wa kushoto. Vidole vitano. Nilivitazama kimoja kimoja.

Wote tupo. Hakuna aliyekosekana, na mikono yote iko juu ya meza.

"Mama, mbona huli?" akauliza baba yao.

"Nakula."

Chini ya meza, kitu chenye joto kilikuwa kimenigusa kisigino. Kina majimaji, kama ulimi. Kikapita kwenye ngozi mpya, taratibu, kutoka nyuma kuja mbele... kikasimama... kikarudi.

Sikuuvuta mguu. Ningeuvuta, kingeenda kwa nani?

Nikachukua upawa, nikamwongezea Kitinda ukoko.