Nilisikia Kifo Changu Kwenye Spika za Milimani

"Mke wake alitutoka mwaka juzi. Tulimzika huko Olenguruone."

Hayo maneno yalitoka kwa spika tano na woofer, sauti safi kabisa… na ni mimi nilikuwa nimeziunganisha!

Huyo mke aliyezikwa? Ni MIMI.

Wacha niwaambie vile ilienda.

Naitwa Jepleting. Ni fundi wa TV na sauti hapa Nakuru. Naishi Section 58 na mume wangu Elphas na binti yetu wa miaka sita. Elphas ananunua viazi kwao Olenguruone, analeta tao kuuza. Wikendi nyingi halali nyumbani. Sikuwahi kuuliza. Viazi ni viazi.

Jumanne asubuhi nikapigiwa simu na mathe fulani.

"Wewe ndiye fundi Jepleting? Home theatre yangu imenyamaza. TV inaonyesha picha tu."

"Uko wapi, mathe?"

"Milimani. Na uje wewe mwenyewe. Usitume mtu."

Saa nne nilikuwa kwa mlango. Akaniambia anaitwa Mama Natalie, akanipa chai, halafu akakaa nyuma yangu… ananiangalia tu.

Nikageuza TV. Weh! Waya ya HDMI inayopeleka sauti kwa home theatre ilikuwa imechomolewa. Waya za spika zote zimetolewa. Hata ya woofer!

"Mathe, nani amecheza na hizi waya?"

"Unganisha tu, msichana wangu."

Akaweka kikombe chini, akasogeza kiti karibu.

Nikarudisha kila waya mahali pake, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. HDMI nikairudisha kwa tundu lililoandikwa ARC. Nikaingia settings, nikaambia TV itoe sauti kwa spika za nje.

"Nipatie kitu nitest nayo."

Akanipa flash.

Video ikaanza. Ni sebule hiyo hiyo, imejaa watu. Na hapo katikati… Elphas! Amevaa suti, ameshikwa mkono na msichana mrembo.

Halafu mama mkwe wangu akasimama, akashika mic, akasema yale maneno niliyoanza nayo. Akanizika mbele ya watu.

"Mungu ametufuta machozi," akasema. "Ametupa Natalie."

Watu wakapiga vigelegele. Spika za nyuma zikanipigia vigelegele hivyo masikioni.

Rimoti ilinitoka mkononi.

"Unamjua huyo kijana?" Mama Natalie akauliza polepole.

"Ni mume wangu."

"Na huyo mama?"

"Ni mamake. Krismasi tulikuwa naye kwangu… nilimpikia!"

Akafunga macho.

"Waya nilizichomoa mimi."

"Nini?"

"Dada yangu Wawira ulimtengenezea TV mwezi uliopita. Aliona picha ya harusi yako kwa simu yako. Siku walipokuja kujitambulisha hakuwepo; alipoona hii video akamtambua mumeo, akanipigia analia. Sasa ningefanyaje? Ningekupigia nikwambie mume wako anakuja na wazee kuoa mtoto wangu Jumamosi, ungekuja?"

Singekuja. Ningemtukana, nikate simu.

Mlango ukafunguka. Ni Natalie.

"Mum, fundi amemaliza?"

"Kaa chini, Nata. Huyu ndiye Jepleting."

Natalie alinitazama kama mtu ameona mzimu. Jina alilijua!

"Hapana… Hapana, Mum. Jepleting alikufa."

Nikampa simu yangu. Aliangalia picha moja baada ya nyingine. Harusi yetu. Mtoto wetu. Elphas jikoni kwangu, Jumapili iliyopita, amevaa aproni anacheka.

Akaanza kulia.

"Alinipeleka kwa kaburi lako," akasema. "Mara tatu. Niliweka maua. Niliahidi hapo nitamlea mtoto wako kama wangu."

Jamani! Baada ya ile video nilikuwa tayari kupigana na mtu. Nilijipata nimemkumbatia huyo msichana, tukilia sote wawili.

"Kaburi liko wapi?" nikamuuliza.

"Nyuma ya nyumba yao, karibu na ua."

Hilo ni la babake Elphas, halijaandikwa jina.

Nyumbani nilijifanya sijui kitu, na Jumamosi hatukuwaambia wasikuje. Saa sita wakafika na wazee wao, magari matatu. Mama Natalie akafungua geti mwenyewe. Tulikuwa tumesimama hapo, Natalie na mimi, bega kwa bega.

Elphas alishuka akitabasamu. Kisha akaniona.

"Jep… wacha nikuelezee."

"Elezea wazee," nikamwambia. "Mimi nimeshaelewa."

Mama mkwe hakushuka. Alifunga kioo cha gari.

Mzee mmoja wa kwao, ambaye pia alikuwa amedanganywa, akavua kofia. "Samahani, mama," akaniambia. Akawaambia wageuze magari.

Saa hii niko kwa dada yangu na mtoto wangu. Anauliza baba atakuja lini. Sitawadanganya, inauma. Kuna siku naamka nikitamani singeshika hiyo simu Jumanne.

Lakini nimejifunza kitu. Mama Natalie angeweza kuvunja ndoa kimyakimya, alinde jina la binti yake, aniache nikimpikia mtu aliyenizika. Alitafuta njia nijue, hata kama ilimwaibisha mbele ya majirani wote.

Ukijua ukweli unaomhusu mwenzako, usiukalie. Mfikishie… halafu ukae naye anapolia.