Unyayo wa Sita

Kisomanyayo kilipanda mwamba wa Namikwe, huko Lindi, kwa miguu yake sita ya chuma, kikimulika kila shimo kwa mwanga wa kijani. Mashimo yenyewe yalikuwa nyayo za dinosaria wala-majani, na kila moja lingetosha kuogeshea mtoto. Mashine hiyo ilikuwa ikipima kina na mwinamo wa tope la kale, kisha ikimjenga mnyama upya hewani kwa nuru: uzito wake, mwendo wake, hata mguu uliokuwa ukimuuma.

Leo iligoma. "Sina kipimo kipya," ilisema. "Lowesha njia ya udongo, kisha tembea."

Dakta Somoe Likwachala alilijua hilo fika. Kabla ya kazi, mtu ambaye uzito wake unajulikana alipaswa kupiga hatua kumi kwenye udongo mbichi, ili mashine ipate cha kulinganishia. Kwa miaka kumi na tisa walitembea wawili, yeye na mumewe Chiponda. Miezi mitatu iliyopita walitembea hivyo hivyo, Somoe mbele, na kabla ya adhuhuri Chiponda alianguka kambini, moyo umesimama. Udongo ukakauka na nyayo zao. Somoe alizifunika kwa turubai na tangu hapo hakufanya kazi.

Picha ya Mhandisi Hamza wa mradi wa reli ikawaka kwenye meza ya kambini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Wajenzi wa reli wanaingia kesho. Bila ripoti yako ya leo, mwamba unakatwa. Nimewazuia mpaka nimeishiwa maneno."

"Nimekusikia, mwanangu." Picha ikazimika.

Alifunua turubai. "Tumia hizi," aliiambia mashine kwa ukaidi.

Mashine ikasoma. "Udongo mkavu umenywea, haufai kupimia mwamba. Ila una habari. Watembeaji wawili. Wa kwanza hakusimama. Wa pili alisimama kwenye unyayo wa sita dakika nne, uzito wote upande wa kushoto."

Somoe aliikumbuka asubuhi ile. Alikuwa na haraka zake. Alipaza sauti bila kugeuka, "Twende bwana, kobe wee!" Sasa aliinama kwa aibu, akaugusa unyayo wa sita.

Hakuwa na jinsi. Alichukua ndoo. Maji yalipopita, nyayo za Chiponda zililainika, zikajaa, zikafutika. Alipiga hatua zake kumi huku akilia waziwazi, maana hapakuwa na wa kumwona.

Kisomanyayo kikaanza kazi. Hewani walitokea dinosaria wawili. Mmoja, aliyekuwa akichechemea, alisimama. Yule aliyetangulia, tani thelathini na ubongo wa kadiri ya limau, aligeuka, akarudi, akasimama ubavuni mwake mpaka walipoondoka pamoja.

Picha ya Hamza ilipowaka tena, alishangilia. "Kwa hili, reli itazunguka, mama! Nani alijua kwamba hawa walikuwa wakingojana? Mzee Chiponda angefurahi leo."

"Angefurahi," alijibu Somoe, akazima picha.

Alirudi kwenye udongo, ungali mbichi. Alitembea hadi hatua ya kumi, akageuka, akarudi mpaka ya sita, akasimama.

"Vipimo vimekamilika," ilisema mashine. "Unangoja nini?"

"Namngoja mwenzangu."

Mwanga wa kijani ulipita juu ya udongo, polepole, mara mbili.

"Naona nyayo za mtu mmoja tu."