Babu wa Mavayo

Mate mekundu ya tambuu yalikutwa kizingitini asubuhi, mabichi, na nyumba ile hakuna anayetafuna. Sinan Mavayo akayafuta kwa majivu. Kesho yake yalikuwa ndani, kando ya mkeka wa mtoto.

Kwa Watao, wavuvi wa kisiwa kidogo jirani na Taiwani, ukizaa unaacha jina lako na kuvaa la mwanao: baba huwa Siaman, mama Sinan, na babu huwa Siapen wa mjukuu wake wa kwanza. Mzee aliyezikwa juzijuzi alikuwa Siapen Lamoran, kwa jina la mtoto wa mwanawe mkubwa. Mwana huyo, Siaman Lamoran, ndiye aliyevaa deraya ya kujikinga na pepo, akambeba marehemu hadi msitu wa makaburi, akamwambia maneno ya mwisho, yale ya kumzuia anito, roho ya maiti, asirudi. Mdogo wake, Siaman Mavayo, alikuwa Taiwani akitembeza digrii ofisi hadi ofisi kama muuza karanga. Hakuna aliyenunua, akarudi maziko yamekwisha.

Mtoto akagoma kunyonya. Nyumba ikanuka udongo wa kaburi, na jioni moja ya mvua wakasikia taya likitafuna huko nje, polepole, likiambaa na ukuta, likisita, likiambaa tena, hadi likasimama sawasawa na pale alipolala mtoto, na sauti ya marehemu, yenye kikohozi chake kilekile, ikasema kwa upole:

"Ni mimi, Siapen Mavayo. Nipeni mjukuu wangu."

"Nani kampa jina hilo?" Sinan Mavayo akanong'ona.

Asubuhi mumewe akamwendea kaka yake, naye hata hakukana. Alikuwa akichonga ubao wa mtumbwi, hakuinua kichwa. Lamoran alikuwa na homa siku ya maziko, akasema, kwa hiyo pale kaburini alimwambia mzee kwamba jina lake limebadilika, sasa amfuate Mavayo.

"Kaka, umemtoa kafara mwanangu."

"Si wewe msomi, bwana mdogo? Mwonyeshe cheti, labda atatishika."

Kisha kaka akalia, machozi ya kweli kabisa. Akasema dawa ipo: mtoto abadilishwe jina, anito apotee njia. Mkubwa wa ukoo ndiye humlowesha mtoto utosi anapopewa jina, basi akaja mwenyewe na maji ya chemchemi. Milango ikafungwa. Jina Manoyo likanong'onwa, wakalisikia watu wazima watatu tu.

Mtoto akanyonya. Harufu ikaisha. Mama, sasa Sinan Manoyo, akampelekea shemeji magimbi na samaki, akamshukuru kwa mikono miwili. Mwenye shida hana akili.

Mvua iliporudi walikuwa wamekumbatiana, mtoto katikati, wakisikiliza kilichokuja kutoka upande wa nyumba ya kaka, kikitafuna bila haraka, kikiupita mlango, kikiambaa na ukuta kama mtu aliyeelekezwa vizuri, hadi kikasimama nyuma ya migongo yao na kukohoa.

"Hodi. Ni mimi, Siapen Manoyo."

Ng'ambo ya njia, Lamoran alikuwa akicheka na baba yake.