Nywele Katika Mfereji wa Shule

Kila jioni, wateja wakishaondoka, binti wa msusi alishika ufagio. Alifagia nywele za asili na za bandia, akakusanya makopo ya dawa, akatia kila kitu mifukoni na kuifunga barabara. Kisha Chapuchapu, mwanamume wa mkokoteni mwenye maneno matamu kuliko asali, aliichukua mifuko akaenda zake.

"Mama, hizi taka anazipeleka wapi?" binti aliuliza siku moja.

"Maswali gani hayo? Zikishatoka mlangoni si zetu tena. Lori la halmashauri lina masharti mengi, huyu ni nafuu."

Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, maji yalijaa darasani mwa binti hadi vifundoni. Fundi aliitwa kuzibua mfereji nyuma ya shule. Alivuta, akavuta, kikatoka kibonge cha nywele za zambarau, rangi iliyosukwa katika saluni moja tu mtaa mzima. Wanafunzi wote wakamgeukia binti wa msusi.

"Kumbe ni nyinyi!"

"Sisi tunamlipa mtu azitupe!" alijibu, machozi yakimlengalenga. Hakuna aliyemsikiliza. Aliudhika kupita kiasi, maana mifuko ile alikuwa ameifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni hiyo bibi afya alisimama mlangoni pa saluni, kufuli mkononi.

"Mwenye makosa ni Chapuchapu!" mama alifoka.

"Naye atajibu yake. Je, ana kibali cha kuzoa taka?"

"Sijui."

"Uliwahi kumuuliza anazimwaga wapi?"

Mama alitikisa kichwa.

"Basi nafunga, mpaka mfereji usafishwe na upate mzoaji mwenye kibali."

Chapuchapu alipobanwa, alijikuna kichwa. "Jaa liko mbali, mama, na kile kilima kinanimaliza." Binti alitamani kumtupia ufagio.

Kesho yake wote watatu waliingia mferejini. Harufu ya dawa iliwakaba koo. Wateja wao walipita wakielekea kwa msusi mwingine, wala hawakuaga.

"Nilikuuliza, mama," binti alisema kwa uchungu.

"Uliniuliza, mwanangu." Mama aliendelea kuchota tope.

Saluni ilipofunguliwa, lori la halmashauri lilisimama nje. Mama alimwacha mteja na nusu ya kichwa ikiwa haijasukwa, akatoka.

"Naomba kuona kibali."

"Mama, lori lote hili hulioni?" dereva alicheka.

"Naliona. Nataka kibali, kisha uniambie mnamwaga wapi."

Dereva alimwonyesha, akaeleza. Mteja akapaza sauti kutoka ndani, "Kwani nywele zangu zitasubiri takataka?"

"Zitasubiri, dada. Biashara ni yangu na uchafu wake ni wangu. Kumlipa mtu auondoe hakuniondolei jukumu." Mama alimpa binti mfuko ampe dereva. "Na mtoto wangu akiuliza jambo la maana, sitamfokea tena. Nitalitafutia jibu."