Mtihani wa Chai

Kila asubuhi fundi cherehani alimwekea mama yake chai mezani, kisha akakifunika kikombe kwa kiganja.

"Mama, mimi nani?"

Mama alimkodolea macho. "Wewe... mke wa kaka?"

"Fikiria! Ukinitaja, utakunywa."

Chai ilipoa. Fundi hakuwa na roho mbaya. Aliamini kwamba akili isiyosumbuliwa inashika kutu kama cherehani iliyoachwa.

"Mwache mama wa watu," mumewe alimwambia.

"Nikimwacha atanisahau kabisa!"

Mama akaanza kuziogopa asubuhi. Akisikia vikombe vinagongana, alijificha nyuma ya mlango. Alifariki bila kumtaja binti yake.

Jirani yao alifanya kazi katika maabara ya hospitali. Aliiomba familia ruhusa ya kuchunguza kipande cha ubongo wa marehemu. Mume aliguna, lakini fundi alikubali.

"Nataka kujua kwa nini alinikataa," alisema.

Miezi ikapita. Siku moja jirani alimwita maabarani, akamwonyesha picha zilizopigwa kwa hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo mno.

"Hili ni tawi la seli ya ubongo wa mtu aliyekuwa mzima. Unaviona vijitokezo hivi pembeni?"

"Vimejipanga kama vifungo vya shati."

"Enhe. Hapo seli hupokea habari kutoka kwa seli nyingine. Tunaangalia umbo la vijitokezo hivyo na jinsi vilivyosongamana. Vyenye kichwa kinene mara nyingi ndivyo imara. Sasa, huyu hapa ni mama."

Tawi lilikuwa karibu tupu. Kijitokezo chembamba hapa, kingine kule, basi.

"Vifungo vimekatika," fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Ni ugonjwa, dada. Bado tunajifunza mengi kuuhusu. Lakini mama hakukukataa. Ulikuwa unamdai kitu ambacho hakuwa nacho. Kumbana mgonjwa kwa maswali hakumrudishii kumbukumbu, kunamtia hofu tu. Usimuulize. Mwambie wewe."

"Mbona hukuniambia yeye akiwa hai?"

Jirani aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nawasikia kupitia ukutani. Nikajiambia, mambo ya nyumba ya watu."

Fundi alilia kwa uchungu palepale, mbele ya picha.

Sasa mama yake mdogo naye ameanza kusahau. Fundi alimpeleka hospitali mapema, kisha akamchukua akae naye. Asubuhi humkabidhi kikombe mkononi kabla ya neno lolote.

"Shikamoo, mama mdogo. Mimi ni mtoto wa dada yako. Chai yako hii, kunywa."

"Marahaba, mwanangu."

Mama mdogo hajifichi. Anakunywa ikiwa moto, anatabasamu.

"Dada yangu ana bahati," anasema, "kupata mtoto kama wewe."

Fundi anamwongezea chai.